Kasha Lililohesabiwa Mara Tatu

Mjomba Melkior, shikamoo. Huwa nakusoma kila wiki unavyowasema watu, tunacheka na wenzangu ofisini, leo zamu yangu imefika, niseme utakavyo lakini unisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo kikao.

Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Mpimbwe, nafundisha Kiswahili na ndiye ninayeshika ufunguo wa maktaba, ingawa kuiita maktaba ni kujipendelea, ni makabati mawili ndani ya stoo ya majembe. Miaka minne iliyopita mwalimu mmoja mstaafu alipokuwa anahama aliziachia shule tatu kasha moja kubwa la bati, la bluu, ndani vitabu mia tatu na kumi na mbili, hadithi, kamusi, sayansi, vizuri kweli, akasema tuvitumie kwa zamu, muhula huu huku, muhula ujao kule. Shule hizo ni yangu, ya shemeji yangu nitakayemwita Gratien, aliyemuoa mdogo wangu Rozalia, na ya mwalimu mwingine, tuseme Maximilian. Basi zamu ya kwanza tu vitabu vikarudi na madoa ya mboga, kimoja kimechanika jalada, wakaguzi wakaja wakatusema mbele ya wanafunzi kwamba hatujui kutunza, tukaona aibu, tukakubaliana kasha likae limefungwa kwa Gratien, lifunguliwe ukaguzi ukikaribia. Ikawa ndiyo desturi yetu. Mkaguzi akielekea kwangu, Gratien analipakia kwenye toyo ya magurudumu matatu analileta, napanga vitabu kabatini, nagonga muhuri wa shule yangu, mkaguzi anahesabu, anasifu, akiondoka tu kasha linapanda toyo kwenda kwa Maximilian, naye anagonga wake. Fungua kitabu chochote, Mjomba, ukurasa wa kwanza una mihuri mitatu kama pasi ya msafiri.

Sasa imeundwa kamati Mpanda ya kupanga namna ya kuunganisha maktaba zote za shule za mkoa, ziwe na daftari moja na muhuri mmoja, mtoto wa huku kwetu aweze kuazima kitabu kilichoko Ilembo, na mimi nimechaguliwa katibu kwa sababu ati maktaba yangu inasifiwa. Kila shule imeleta idadi yake. Nilipokaa kujumlisha ndipo jasho likanitoka, maana mimi niliandika vitabu mia tatu sabini na vitatu wakati vyangu halisi ni sitini na kimoja, vingine vyote ni vya kasha, na Gratien na Maximilian nao wamelihesabu kasha lilelile. Na mpango unasema shule yenye vitabu zaidi ya mia tatu haitaongezewa hata kimoja katika vitabu vipya, tena itatoa mia moja kuwapa wasio na kitu.

Nilimkimbilia Gratien, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Shemeji, mbona rahisi? Kasha lina mia tatu na kidogo. Wewe toa mia, mimi mia, Max mia. Nani atajua?"

"Na hivyo vingine mia mbili na zaidi ambavyo daftari litasema ninavyo na sina?"

"Mchwa, shemeji. Kila mwaka unaandika mchwa wamekula hamsini. Mwaka wa nne daftari na kabati vimepatana."

Maximilian nilimpigia simu, akasema mtandao unasumbua, wakati nilikuwa nasikia mpaka kuku wake.

Kinachoninyima raha ni mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, Dina, ambaye anausubiri ukaguzi kama wenzake wanavyosubiri likizo. Kasha likija anakimbilia kitabu kilekile, hadithi ya mwanamke daktari wa mifugo, anakisoma siku tatu, kasha linaondoka. Mara ya mwisho akaniuliza, "Madam, mkaguzi anarudi lini? Nimeishia ukurasa wa themanini na nne." Nikamwambia akachote maji. Nikisema ukweli shemeji anaweza kuharibikiwa kazini na Rozalia hataniangalia usoni, na mimi mwenyewe nimegonga ile mihuri kwa mkono huu, nikinyamaza kasha linaondoka moja kwa moja, watoto wangu wanabaki na vitabu sitini na kimoja huku daftari la mkoa likisema wameshiba. Nifanye nini?

Ni mimi mwenye ufunguo, Mpimbwe.

MJOMBA MELKIOR ANAJIBU

Marahaba, mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa nimesimama, ya pili nimekaa. Mimi shule niliishia darasa la sita, na niliondoka kwa sababu mwalimu alikuwa amemaliza vyote vya kunifundisha, muulize mtu yeyote kule Magamba nilikosoma. Lakini hata kwa hilo la sita langu najua kwamba kasha likizungushwa kwenye toyo halizai.

Nyie mmenikumbusha Benedikto. Nilipokuwa kijana walikuja watu wa kuhesabu viboko mto Katuma, kiangazi, viboko wamebanana kwenye tope kama magunia ya mpunga. Wakanichukua mimi kwa sababu ya macho yangu; wakati ule nilikuwa nasoma namba ya lori likiwa Sitalike na mimi niko Mpanda mjini. Nikapangwa na Benedikto. Mchana mmoja mwenzangu akaandika viboko mia tisa! Nikamwambia, "Beni, huyu mwenye kovu sikioni umemwandika tangu asubuhi mara arobaini. Anazamia hapa, anaibukia pale, wewe unafurahi." Akabisha. Basi nikaingia majini, nikamshika yule kiboko sikio, nikamfunga kitambaa changu chekundu, nikatoka. Benedikto akahesabu upya. Sabini na mmoja. Kitambaa sijarudishiwa hadi leo.

Sasa Benedikto hakuwa na cheti, na alidanganywa na kiboko. Nyie ni walimu watatu wenye vyeti, na kiboko mlimpakia wenyewe, mkampitisha kwenye maji matatu, mkamgonga muhuri kila alipoibuka. Halafu mmoja wenu akapewa ukatibu. Ningekuwa huko ningeomba kitambaa kingine.

Tuje kwa shemeji yako na mchwa wake. Mchwa gani wanakula hamsini kila mwaka, hawazidishi, hawapunguzi? Mchwa wenye mpango kazi! Mimi mchwa nawajua. Hapa kwangu Ilembo waliwahi kula ngazi nikiwa juu yake nagonga bati, nikamaliza msumari wa mwisho nimesimama hewani. Mchwa hawangoji mwisho wa mwaka, na wakiingia kwenye kabati hawaachi kabati. Mwambie Gratien kwamba mkaguzi wa kwanza kusoma huo uongo atacheka mpaka naye ashike ukuta, kisha ataandika barua.

Na madoa ya mboga, mwalimu! Eti mliona aibu. Kitabu kikirudi na doa la mlenda maana yake kilifika jikoni, mtu alikuwa anasonga ugali huku anasoma. Hivyo visafi mlivyovifungia miaka minne vimemfundisha nani? Bati? Mkaguzi alipowasema mngemjibu kwamba sufuria inayopikiwa huwa ina masizi. Mimi mkaguzi wa mizani aliwahi kunifokea sokoni, nikamwangalia tu, akaomba uhamisho.

Huruma ninayo, usidhani sina. Lakini kila ikianza inakatika nikifika hapa: mnakaa Mpanda, mnakunywa chai, mnapanga kwa karatasi nyingi namna kitabu kitakavyotoka shule moja kwenda nyingine. Yule mstaafu alikwishawapa jambo hilohilo! Kasha, shule tatu, zamu. Toyo ipo, njia mnaijua, mnafahamiana mpaka mmeoleana. Muungano mlikuwa nao stoo kabla kamati haijazaliwa, mkaufanya pambo la wageni.

Sasa sikiliza, maana nafasi yangu gazetini ni ndogo na mhariri ananionea wivu.

Leo hii, siyo kesho, nenda kwa Gratien. Nenda kwa miguu yako, usipige simu, simu zenu zina kuku. Mwambie idadi yako unaisahihisha: sitini na kimoja, basi, na kasha linaandikwa mstari wake peke yake, mali ya shule tatu. Yeye na Maximilian wana mpaka Alhamisi jioni kusahihisha za kwao kwa mikono yao wenyewe. Mtu aliyejisahihisha anasemwa, aliyekutwa anafukuzwa. Hiyo ndiyo zawadi pekee unayoweza kumpa shemeji, akiikataa ni juu yake. Rozalia atanuna. Mwache anune. Atanuna mpaka mavuno, kisha atakuja kwako kuazima ungo.

Ijumaa usianze na hotuba, walimu mkianza hotuba watu wanalala. Ingia na kasha lenyewe, liweke mezani juu ya makaratasi yao, toa kitabu kimoja, fungua ukurasa wa kwanza, mpe mwenyekiti. Nyamaza. Mwache ahesabu mihuri. Akiinua macho ndipo useme kwamba vitabu mlivyoviandika mara tatu ni hivi hivi, na kwamba wewe ni mmoja wa walioandika. Kisha omba mambo mawili. Vitabu vipya vigawanywe kwa kufuata vilivyoshikwa kwa mkono, siyo vilivyoandikwa. Kamati yenyewe ipite ikashike. La pili, kasha libaki kwenu, lizunguke kwa zamu kama lilivyoagizwa, liwe jaribio la kwanza la huo mpango wao. Wakitaka kujua kama muungano unawezekana, waje wahesabu madoa.

Watakukaripia. Karipiwa, unastahili. Ukatibu unaweza kuondoka pia; ulikuja kwa sifa za kasha, acha uende nazo.

Lakini bado kuna moja, na hili usilisahau hata ukisahau mengine yote. Kasha likishatoka kwa Gratien, kabla halijafika Mpanda, lipitishe shuleni kwako. Lifungue. Toa kile cha mwanamke daktari wa mifugo, mpe Dina aanzie ukurasa wa themanini na tano, na usimwambie siku ya kurudisha.

Mezani vitakuwa mia tatu na kumi na kimoja. Mwenyekiti akiuliza kimoja kimekwenda wapi, usitaje mchwa. Mwambie kimeazimwa.