Sioni Siku Zangu, na Mume Wangu Anajilaumu Yeye

Bibi Merania, shikamoo. Mimi ni mmoja wa wale wanaokusikiliza redioni kila wiki wakiwa wameinama juu ya kondoo, na sikuwahi kufikiri nitakuandikia, maana kwenye kijiji chetu cha Piopio ukisomwa tu hewani, chai haijaisha mabanda yote ya kunyolea yameshakutambua, lakini yamenifika shingoni, Bibi, naomba unisaidie.

Nina miaka thelathini na nne, nanyoa kondoo na genge la wanyoaji tangu nilipomaliza shule, na mume wangu Manahi yuko genge hilohilo, yeye hushindilia manyoya kwenye marobota, na tangu tuoane tunatafuta mtoto. Sasa hapa naandika uso unaniwaka: sijaona siku zangu tangu mwaka juzi na Manahi hajui, kila mwezi nanunua pedi naziweka bafuni pale atakapoziona, halafu nazipunguza kidogokidogo naenda kuzitupa mbali, naye akiona zimepungua anaingia jikoni ananichemshia maji ya kukanda tumbo. Na ameshaamua kwamba mwenye kasoro ni yeye. Ameacha bia, mashangazi zake wanamletea magunia ya kina kutoka pwani ya Kawhia, wale wadudu wa bahari wenye miiba, wanawapasua wanamsimamia awameze wabichi, na juzi Shangazi Waimarie alimwambia mbele ya genge zima, "Kula, baba, kula! Babu yako alikula hawa akajaza nyumba, wewe hata mtoto wa kusingiziwa hatujamwona!" Watu wakacheka, yeye akacheka, na mimi nikacheka, Bibi, nilisimama pale nikacheka. Sasa amepanga kwenda kupimwa.

Nafikiri najua ilikoanzia. Mama yangu ndiye alikuwa mpishi wa genge letu tangu mimi natambaa. Laiti ungeiona meza yake! Mikate ya kukaanga iliyomwagiwa shira, mifupa ya nguruwe iliyochemshwa na majani ya puha mpaka madirisha yanatoka jasho, wanyoaji wazee wananuka mafuta ya manyoya na mikono yao laini kama ya watoto wachanga, sisi watoto tuko chini ya meza na mbwa tunagombania mifupa, redio inasema raga, na mama anagonga benchi kwa mwiko, "Hainuki mtu hapa na sahani ina kitu! Wewe Rua, hilo karoti umemwachia nani, mkwe wako?" Natamani nikae pale tena hata mara moja, nami nitukanwe kama Rua kwa sababu ya karoti.

Mama alifariki majira ya joto ya mwaka juzi, katikati ya msimu, na tangu tulipomzika sijaweza kuketi kwenye meza ile. Mpishi mpya ni mtu mwema na anapika vizuri, na hicho ndicho kinachoniuma. Wenzangu wakiingia kula mimi nachukua chupa yangu ya unga wa protini nakaa nje kwenye ngazi, najifanya nanoa visu vya mashine, halafu nikaamua kwamba Januari hii nitavunja rekodi ya kunyoa kondoo wengi kwa kutwa nzima kwa jina la mama, kwenye banda alilopikia mara ya mwisho, basi alfajiri nakimbia milima kabla ya kazi, suruali zangu za shule zinanienea, kila mtu ananisifu, na ndugu zangu wameshachapisha fulana zenye picha yake.

Nilikwenda kwa daktari kimyakimya. Akapima damu, akasema mimba hakuna, tezi ya shingo iko sawa, ukomo wa hedhi bado, mayai yapo, tatizo ni kwamba ninakula kidogo na kufanya kazi kupita kiasi, nile nipumzike. Nikaona ananidharau, nikaondoka. Bibi, nimetafuta dawa, nikaambiwa nile? Na rekodi ya mama nikiiacha, nitamtazama nani usoni? Tafadhali isome barua hii hewani ili Manahi aisikie, maana mdomo wangu hauwezi.

Mnyoaji wa Piopio

*

Mnyoaji, pole kwa mama. Sasa kaa hapo nikugombeze.

Yule daktari hakukudharau, wewe ndiye hukumsikiliza. Chini ya ubongo wako kuna sehemu ndogo ambayo kazi yake ni kupiga ishara, inapiga inatulia, inapiga inatulia. Ishara hizo zinaingia kwenye tezi iliyo chini yake, tezi inamwaga homoni kwenye damu, nazo homoni zinakwenda kuziambia ovari ziivishe yai. Lakini ubongo haupigi ishara kijinga. Unapokea habari kutoka mwilini: mafuta yako yana homoni yake inayotangaza kwamba akiba ipo, na kazi nzito na majonzi vina homoni yake inayotangaza hatari. Wewe akiba umeimaliza na hatari umeiongeza, basi ishara zimepungua, yai haliivi, damu haiji. Uzazi wako haujafa, mwanangu, ubongo umeusimamisha kwa sababu unaona njaa.

Na haya unayajua! Mfugaji akipeleka majike yaliyokonda kwa dume si utamcheka hadi ushike mbavu? Kila mwaka unayaona yanahamishiwa kwenye majani mazuri kwanza. Kondoo unamhurumia, wewe mwenyewe unajikimbiza mlimani na chupa ya unga! Halafu homoni hizohizo za ovari ndizo zinazolinda mifupa. Mgongo huo unaoutegemea unaumomonyoa mwenyewe.

Mimi nami nilifagia manyoya mabandani nikiwa msichana. Hadi leo nikisikia harufu ile moyo unanirudi nyuma, nawasikia akina mama wakituita kula, na wengi wao sasa wako makaburini. Meza zile zimebaki chache, magenge mengi siku hizi yanakula ndani ya magari. Nazikumbuka na ninalia, sioni aibu. Lakini mpishi wenu mpya hakumuua mama yako, na kumsusia chakula hakumrudishi.

Rudi kwa daktari, umwombe radhi na umsikilize mpaka mwisho. Milima acha. Rekodi iahirishe, uwaambie ndugu zako sababu, fulana hazichachi. Keti mezani kila mlo na chai zote, na huzuni hiyo tafuta mtu wa kuitoa kwake, usiimalizie kwa kondoo. Itachukua miezi, usije kunilalamikia wiki ijayo. Na ujue yai la kwanza huja kabla ya damu ya kwanza, kwa hiyo unaweza kushika mimba bila kuona hedhi.

Manahi kwenda kupimwa si vibaya, mwanamume naye hupimwa. Vibaya ni kumwacha mtoto wa watu achekwe kwa siri unayoijua wewe. Ndiyo maana nilikupigia simu nikakataa kuisoma barua hii mpaka umwambie kwa mdomo wako. Ulininunia, ukakata simu.

Jumapili mchana simu yangu ililia, akawa Manahi. Alisema umemwambia. Alisema ameumia, halafu akasema, "Isome, Bibi, huenda yuko mwingine mwenye shida kama yetu." Nikamuuliza kama ana ujumbe kwako. Akasema analo swali moja tu, amekuuliza mara mbili na wewe unalia tu: asubuhi akupikie nini?

Mjibu, mwanangu.