Kabla Hamjaibomoa

4 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku imeniingia mpaka kwenye mifupa. Mguu wako unaendeleaje?

Dada ameniandikia kwamba unataka kuibomoa nyumba. Mama, hapana! Kazi yangu huku ndiyo hiyo: tunatengeneza majengo yaliyojengwa kabla babu hajazaliwa, na bado yamesimama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tuna ufa tu. Mwambie fundi abandue lipu ya zamani, apige upya. Matofali yale Baba aliyafyatua mwenyewe. Tafadhali.

Mwanao

21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mguu asubuhi unanitii, jioni unagoma.

Nilimwita Timazi, yule fundi aliyefanya kazi na baba yako. Aligonga ukuta wa jikoni, akasikiliza kama daktari, kisha akachomeka kidole kati ya matofali. Kikaingia chote. "Mama," akasema, "msingi umetitia. Nikipiga lipu hapa, nitakuwa nampaka maiti poda."

Tena kuna jambo nilikuficha. Mwezi wa kwanza dari la chumbani liliangukia kitanda changu. Bahati nilikuwa uani naanika nguo.

Wewe unaikumbuka nyumba hii, baba. Mimi ninalala ndani yake.

Mama yako

30 Mei

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Nilianza barua tatu, zote nikazichana.

Ungeweza kufa, nami nakuandikia habari za lipu! Naona aibu.

Lakini nikuambie ukweli. Baba alipozikwa sikuwepo. Karatasi zangu hazikuniruhusu kusafiri. Tangu siku ile najiambia, angalau nyumba ipo, nikirudi nitauegemea ukuta wake nimlilie. Sasa ukibomolewa nitalilia wapi?

Karatasi zimekamilika, na likizo nimepewa. Msianze kabla sijafika.

Mwanao

2 Septemba

Mwanangu,

Natumaini ulifika salama na kazini wamekupokea vizuri. Sisi hatujambo, mguu nao umetulia kidogo.

Timazi anakusalimu. Bado anashangaa kwamba mtu anayeishi kwa kuokoa majengo ndiye aliyeomba kupiga nyundo ya kwanza. Nikamwambia yaliyokuwa moyoni mwako ni yako. Siku ile ulipoanza kulia kwa sauti, vumbi limekufanya mzee, majirani walitaka kukushika. Mimi ndiye niliyewazuia. Nilisema, "Mwacheni, huo msiba wake. Umechelewa miaka sita tu."

Msingi mpya umeshatoka ardhini. Vyumba viwili, hakuna ngazi. Timazi anataka madirisha makubwa, mimi nataka madogo. Tunagombana kila siku, na nashukuru kupata wa kugombana naye.

Jambo moja nimekaa nalo tangu uondoke. Ulipokuwa ukienda shule ya bweni, na hata siku ile ya safari ya mbali, ukifika kona ulikuwa ukigeuka kuitazama nyumba. Safari hii uligeuka vilevile, na nyumba haikuwepo.

Ukanitazama mimi.

Mama yako