Usifute Python ya Zamani

Wambui wangu,

Hapa mtaani Section 58 tuko salama, na goti la guka, babu yako, limepoa.

Unauliza kama ufute Python ya zamani kwenye kompyuta yako kwa sababu kazi mpya inataka toleo jipya. Nikiwa msichana niliandika programu katika kiwanda cha pareto. Siku moja niliweka toleo jipya la lugha ya programu, nikafuta la zamani. Asubuhi programu ya mizani, iliyotegemea lile la zamani, ikagoma, wakulima wa Keringet wakakwama langoni na magunia yao.

Mzee Otieno, msimamizi wangu, hakunifokea. “Hiyo ya zamani bado ina watu wake,” alisema.

Nikairudisha kutoka kwenye disketi, kila toleo na folda yake. Mizani ikaamka. Mama mmoja akanishukuru. Nilishindwa kumtazama usoni, maana mimi ndiye niliyemkwamisha.

Weka zote mbili, mjukuu wangu.

Shosho wako, Tabitha