Maandishi Ubavuni mwa Betri

3 Machi

Kitindamimba wangu,

Kabla hujauliza, mgongo umetulia na presha imeshuka. Wewe je, kifua kimepona? Umekula?

Huku jina lako linavuma. Kile kindege cha droni ulichokitengeneza kwa mikono yako nimekiweka sebuleni, kila mgeni akija nakiwasha mapanga yazunguke hadi vitambaa vya makochi vinapepea. Nawaambia mwanangu sasa anapima mashamba ya watu kutoka angani, huko ng'ambo. Mke wa mwenyekiti wa mtaa aliniomba nikiwashe tena, na yule si mtu wa kuomba. Ila betri inakula saa nzima kwenye chaja, wageni wanamaliza chai wanaondoka. Nimepandisha namba ya chaja hadi 8, sasa ni dakika kumi na tano tu. Mama yako si wa kuchezewa.

Mama yako

9 Machi

Shikamoo Mama,

Kifua kimepona, lakini umenitoa jasho. Angalia ubavuni mwa betri, pameandikwa 2200. Maana yake ile namba ya chaja, ambayo ni ampea, uiweke 2.2, basi. Ukizidisha inaumia ndani kwa ndani, siku moja inavimba, na ikishavimba inaweza kuunguza nyumba nawe ukiwemo. Chajia juu ya vigae, usiiache peke yake. Ikivimba itoe nje, itie kwenye ndoo ya mchanga. Na kila ukichaji andika tarehe na ampea kwenye ule utepe niliobandika ubavuni mwake. Nakuomba. Wageni wasubiri.

Mwanao

20 Machi

Marahaba mwanangu,

Mimi mzima, sijui kama nyumba nayo ni nzima. Sikufichi: tarehe 12 wageni walikuwa na haraka, nikaweka 6, nikaenda jikoni kuchukua vikombe. Nilivyorudi chaja inasoma 2.2, na kwenye utepe pameandikwa "12 Machi, 2.2". Nikasema uzee huo. Tarehe 17 nikaweka 6 tena, nikageuka kufungua dirisha. "17 Machi, 2.2", wino mbichi. Mwandiko wako kabisa, na ile saba yako yenye mkanda kiunoni. Nilikuita kwa sauti humu ndani kama mwehu. Wageni nimewaambia mwanangu anasimamia vitu vyake kutoka mbali. Hawakucheka.

Utepe nimeubandua, nakutumia ujionee. Nimebandika mwingine.

Mama yako

29 Machi

Shikamoo Mama,

Si mimi niliyeandika. Saba yenye mkanda ni yako. Ulinifundisha wewe, mezani pale jikoni, ukinishika mkono. Kama unaandika halafu unasahau, nenda kwa daktari.

Lakini wewe umetaja mistari miwili. Hapa imefika mitatu. Wa tatu unasema: "7 Aprili. Imevimba. Nje."

Siku hiyo usichaji kitu.

Mwanao

8 Aprili

Mwanangu,

Daktari kaniuliza maswali yote, akakiri kichwa changu kinakishinda chake. Hilo tuliache.

Jana mke wa mwenyekiti alimleta dada yake, na nilishamwahidi kumwonyesha kindege, onyo lako nikalipuuza. Nikaweka 6. Kumimina chai tu, kugeuka, betri haipo. Tukatafuta chini ya makochi, mwisho nikatoa komeo tukachungulia nje. Ilikuwa kwenye ndoo ya mchanga, imevimba kama mto. Ikatoa moshi, kisha moto wa kimo cha mtoto. Hakuna aliyekuwa ametoka. Mke wa mwenyekiti akaninong'oneza, "Shoga, komeo umelitoa wewe sasa hivi. Nani alipita?"

Leo nimechaji ile betri ya akiba uliyoniachia kwa 2.2, nikakaa mbele yake saa nzima hadi miguu ikafa ganzi. Nilipochukua kalamu niandike, kwenye utepe wake palikuwa pameshaandikwa.

Sitaki tena kujua ni nani. Niandikie tu uniambie u hai.

Mama yako

17 Aprili

Shikamoo Mama,

Niko hai, mzima. Leo kazini tulichelewa, msimamizi anafoka, nikaiwekea betri ampea mara tatu ya zile inazotaka. Mimi huyu ninayekufundisha wewe. Nikatoka kunawa mikono, na chumbani hakubaki mtu.

Nilivyorudi chaja imeshushwa. Kwenye utepe wa betri pana tarehe ya leo, saba yake ina mkanda. Na chini yake neno moja tu: "Umekula?"

Bado, Mama. Tangu asubuhi.

Mwanao