Bakteria Waliokataa Sukari

Kwako Somo yangu,

Hujambo na wa nyumbani? Mapacha wameanza kusema, au bado wanabishana kwa lugha yao wenyewe? Na shemeji, mgongo unaendeleaje? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu, ila moyoni sina hali. Ndiyo maana umepata kurasa zote hizi badala ya ujumbe wa simu. Ujumbe ungeweza kuufuta kwa hasira kabla hujafika mwisho.

Hapa maabara ni yale yale. Miwani, mkuu wetu, bado anavaa moja puani na nyingine kichwani huku akiuliza nani kamchukulia ya tatu. Tumepata fundi mpya wa maabara, mama mmoja asiyecheka ovyo, anayeosha vyombo mpaka unaona haya kuvitumia. Ungempenda.

Mwezi uliopita friza la zamani lilikufa. Miwani akaniambia nitupe vichupa vyote vilivyomo. Nilikuwa natupa tu bila hata kusoma, mpaka nikashika kimoja chenye mwandiko wako: namba kumi na tisa. Nilikirudisha, nikakitoa, nikakirudisha tena. Mwishowe nikakitia kwenye mfuko wa koti.

Nitaeleza mambo unayoyajua kuliko mimi, univumilie. Nataka hata shemeji akisoma aelewe. Tulikuwa tunaotesha bakteria kwenye visahani vyenye sukari ya maziwa na rangi ya kupimia. Bakteria wa kawaida huichachusha ile sukari, na madoa yao yakawa mekundu. Waliobadilika wakashindwa kuichachusha hubaki weupe. Kati ya maelfu ya mekundu ulimpata mweupe mmoja, namba kumi na tisa, na ukaandika daftarini kwamba umemrudia mara kumi na moja, na hata mara moja hakugeuka. Miwani akasema mtu wa pili athibitishe. Mtu wa pili nilikuwa mimi. Kwenye visahani vyangu ishirini, vyote vikawa vyekundu.

Yaliyofuata unayajua. Alikuambia umeandika ulichotaka kukiona, ukafutwa masomo, na nafasi ya kazi iliyokuwa moja tu kati yetu wawili nikapewa mimi.

Sasa, Somo, nikamwotesha tena yule wa kwenye kichupa. Asubuhi nikafungua kabati la joto kabla hata sijatundika mkoba: mweupe. Siku ya nne, mweupe. Siku ya saba, mweupe. Nikampa fundi afanye yeye, bila kumwambia ni wa nani. Akanirudishia visahani akasema huyu mdudu wako ni mkaidi, sukari hataki kabisa. Nikaenda chooni nikalia.

Tangu hapo haupiti mchana sijakusikia ukumbini, unavyoburuta kile kiatu cha kushoto. Juzi nilisema karibu, ingia, na mlangoni hakuna mtu. Fundi alinitazama, akaendelea kuosha. Nanusa mafuta yako ya nywele kwenye koti ambalo hukuwahi kulivaa. Naogopa, nakwambia ukweli. Wewe u hai, unalea wanao, na bado unanitokea kama marehemu.

Lakini kichupa hakikunifundisha jipya. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeficha miaka saba. Siku ile ya kuthibitisha nilipika chungu kimoja tu cha uji wa kuoteshea bakteria kwa visahani vyote ishirini. Mitungi miwili ilikuwa imekaa sambamba rafuni, unga mweupe kwa unga mweupe, na mimi nilichota glukosi nikidhani ni sukari ya maziwa. Glukosi namba kumi na tisa anaichachusha vizuri tu, ndiyo maana alikuwa mwekundu. Nilikuja kuligundua kosa hilo siku ya tatu, nilipoona mtungi mpya wa sukari ya maziwa bado una utepe wa dukani. Wewe ulikuwa hujamaliza kufunga vitabu vyako. Ulinishika mkono, ukaniuliza kama sukari niliipima mwenyewe. Nikajibu ndiyo. Na kweli niliipima mwenyewe.

Juzi nilimwambia Miwani yote. Akasema yaliyopita si ndwele. Nikamwambia yangu ni ndwele, tena inanimaliza. Nimeiandikia bodi ya chuo na kutia sahihi. Nakala imo humu ndani ya bahasha. Huenda nikafukuzwa. Nastahili, usinionee huruma.

Limebaki moja, na nimelipiga chenga tangu nishike kalamu. Baba yako alipolazwa mwaka ule nilikwenda kumwona, wewe ukiwa umeshuka kununua dawa. Aliniomba nisogee. Alisema hataki kukuuliza wewe asije akakuumiza, lakini mimi ni kama mwanawe, nimwambie kweli: binti yangu alidanganya? Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na hakuna aliyekuwa akitusikia. Nikamwambia, Baba, ni ujana tu, mambo hayo huwapata wengi, msamehe. Akaitikia kwa kichwa. Akasema amekusamehe, akageukia ukutani. Kesho yake akafariki.

Ulinisimulia msibani kwamba baba aliondoka amekunyamazia, na hujui kwa nini. Mimi nilikuwa nimekukumbatia.

Wabusu mapacha. Shemeji mpe hii asome yote. Mama usimwambie kitu. Nitakuja Jumamosi nimwambie mwenyewe, hata kama atanisikilizia nyuma ya mlango uliofungwa.

Ni mimi,
Somo yako.