Abiria Aliyeuliza Kama Bado Yu Hai

Mpendwa Shangazi,

Naomba unisaidie, maana mke wangu amecheka mpaka mbavu zinamuuma na mchungaji ananiambia mbegu imeshapandwa nisijisumbue, lakini mimi sina amani. Mimi ni fundi wa cherehani, nazunguka viwandani kutengeneza mashine zilizokorofisha, na tangu nimpokee Yesu sijapanda treni bila kumshuhudia jirani wa kiti, wengine hujifanya wamelala, wengine huhama, nimezoea. Safari hii nilikaa na mama mmoja wa makamo, na Shangazi, sijawahi kupata msikilizaji kama yule, alinikazia macho, hakupiga miayo, hakushika simu, nami nikafunguka mpaka nikafika kwa marehemu kaka yangu, jinsi nilivyomuuguza na jinsi maombi yalivyonishikilia nisianguke, machozi yakanitoka, yule mama akanishika mkono na hakuuachia. Nikasema moyoni, leo nyavu zimejaa.

Tulipofika, binti yake akaja kumpokea, wakaanza kuzungumza kwa ishara za mikono. Kumbe mama ni kiziwi tangu utotoni! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kisha binti akanigeukia: "Mjomba, mama anauliza, huyo uliyekuwa unasimulia habari zake ukalia, bado yu hai?"

Sikujua mama ameona nani usoni mwangu, kaka au Yesu. Binti akanipa namba, akasema mama anasoma vizuri tu, nimwandikie. Tangu siku hiyo naandika, nafuta. Nimjibu nini?

Fundi Msafiri

Fundi,

Pole kwa kaka yako. Sasa nikuseme kidogo. Safari nzima umekaa bega kwa bega na mtu, hukumuuliza hata "Mama, hujambo, unakwenda wapi?" Ungemuuliza ukasubiri jibu, ungejua kabla treni haijaondoka stesheni. Na hao wanaojifanya wamelala, baba, jiulize nani anawapa usingizi.

Lakini usijidharau. Mtu asiyesikia hadanganywi na sauti tamu. Yule mama aliona upendo, akataka kujua ni wa nani. Wenye masikio mazima, wangapi wamewahi kukuuliza hivyo?

Aliona nani? Mimi sijui, wala wewe. Basi acha kubahatisha, mjibu yote mawili: "Mama, kaka yangu alifariki. Yesu ninayemwamini yu hai. Nilikuwa nakusimulia habari zao wote wawili." Koma hapo. Usimbandikie mistari ya Biblia kama matangazo ukutani. Ongeza swali moja tu: "Ulinishika mkono nilipolia. Je, nawe umefiwa?" Mtu hashiki mkono wa mgeni namna ile bure.

Kisha weka simu chini, umpe nafasi aseme yake, hata kama hataji dini kabisa. Akikukaribisha nyumbani, nenda na mkeo, na mwombeni binti awafundishe kwanza kusalimia kwa ishara.

Tuma leo. Aliyeuliza anasubiri.

Shangazi