Nilishuka Baiskeli Karibu na Soni

Salumu mdogo wangu, hapo Temeke hamjambo?

Nipo Lushoto, mzima. Nilikuapia sitatia mguu chini toka Mombo mpaka juu, na nusu ya mlima niliipanda hivyo, kifua kikiwaka moto. Karibu na Soni nikamkuta bibi kajitwika kuni. Nikataka kumwamkia huku nakanyaga, nikamsikia mama kichwani mwangu: "Mkubwa haamkiwi juu ya baiskeli!" Nikashuka kwa hasira.

"Shikamoo, bibi."

Kabla hajaitika, lori la magogo likachomoka konani bila breki, likakwangua ukingo palepale ambapo ningekuwa napita. Hakuumia mtu.

Ubishi umeshinda wewe. Ila mwambie mama nilishuka.

Kaka yako akupendaye,
Hamisi